Je, Wajua? Kutoka Meza ya Anayeanza Hadi Meza ya Fundi wa Picha

Je, wajua programu ya kuhariri picha ya Photoshop ilianzia kwa mwanafunzi? Mwaka 1987 Thomas Knoll, aliyekuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alikuwa na Macintosh Plus ambayo skrini yake ilijua nyeusi na nyeupe tu. Akaiandikia programu ya kuonyesha vivuli vya kijivu, akaiita Display. Mdogo wake John, aliyefanya kazi ya picha za sinema katika kampuni ya Industrial Light & Magic, akaona humo kuna biashara. Kampuni ya Adobe ikaitoa kwa jina la Photoshop, toleo la kwanza Februari 1990, tena kwa Macintosh peke yake.

Je, wajua toleo hilo halikuwa na leya, yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine? Leya zilikuja mwaka 1994, na toleo la 3. Kabla ya hapo, ukishabandika kitu juu ya picha na kukiachia, kimegandana nayo. Kurudi nyuma hatua nyingi kulisubiri hadi toleo la 5, mwaka 1998. Kwa hiyo mabingwa wa mwanzo walikosea mara moja tu, kosa la pili likawa lao.

Je, wajua tofauti ya programu ya anayeanza na ya fundi si wingi wa vitufe? Chukua Paint, iliyoingia sokoni pamoja na Windows ya kwanza mwaka 1985. Ukichora juu ya picha ukahifadhi, pikseli za awali zimekwenda. Lightroom, iliyotoka mwaka 2007, haigusi picha yenyewe: inaandika pembeni orodha ya maagizo, ongeza mwanga hapa, punguza wekundu pale. Mwaka ujao ukibadili mawazo, unafuta agizo na picha iko kama ilivyopigwa.

Je, wajua JPEG ya kawaida ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi ya msingi, ilhali faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, la biti 14 lina 16,384? Tofauti utaiona kwenye shela. Bi harusi amesimama juani, shela imewaka yote nyeupe. Kwenye JPEG ukishusha mwanga unapata kijivu kitupu. Kwenye RAW, kama kamera haikuzidiwa kabisa na jua, zinarudi nyuzi, maua ya tarizi na mikunjo ya kitambaa.

Je, wajua JPEG hupungua ubora kila unapoihariri na kuihifadhi upya? Fundi hufanya kazi kwenye mafaili yasiyopoteza ubora kama PSD, TIFF au XCF, na JPEG huitoa mwisho, ya kumpelekea mteja.

Je, wajua fundi mzuri hukigusa kifutio kwa nadra? Hutumia maski. Sheria yake ni fupi: nyeupe huonyesha, nyeusi huficha, kijivu hufanya nusu kwa nusu. Jaribu kwenye picha ya pasipoti inayotakiwa iwe na nyuma ya buluu. Anayeanza hufuta ukuta wa zamani kwa kifutio, na nywele zikikatika, zimekatika. Mwenye maski hupaka nyeusi ukutani, na akila nywele kidogo hupaka nyeupe zikarudi. Kwenye Photoshop herufi X hubadilisha kati ya rangi mbili ulizochagua, na mabano ya mraba hupunguza na kukuza brashi. Mkono mmoja kibodini, mwingine kwenye kipanya, wala macho hayahami usoni pa mteja.

Je, wajua alama za kung'arisha na kukoleza zimetoka chumba cha giza? Zamani aliyesafisha picha alizuia mwanga kwa kidude cha duara chenye kijiti ili sehemu fulani ya karatasi isikolee, au akaupitisha katikati ya kiganja ili sehemu ikolee zaidi. Kijiti hicho na mkono huo ndivyo vilivyochorwa kwenye upau wa zana za Photoshop.

Je, wajua ujanja wa kuunganisha picha umeitangulia kompyuta kwa zaidi ya miaka mia? Mwaka 1857 Oscar Rejlander, akiwa Uingereza, aliunganisha negativu zaidi ya 30 kupata picha moja kubwa.

Je, wajua rangi za filamu zilipimwa kwa ngozi nyeupe? Kwa miongo kadhaa Kodak iligawia maabara kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na picha za watu wote zikalinganishwa na ngozi yake. Watu weusi wakatoka meno na macho tu. Ukihariri uso mweusi leo, usikimbilie kuongeza mwanga wa picha nzima. Inua vivuli vya uso peke yake kwa maski, uache ule mng'ao wa paji na mashavu, kwani ndio unaoupa uso umbo.

Je, wajua skrini hudanganya? Ukihariri kibarazani mchana, picha itaonekana giza, utaiongezea mwanga hadi iungue. Tazama histogramu, mchoro wa mgawanyo wa mwanga: vilima vikirundikana ukutani kulia, weupe umeungua, vikirundikana kushoto, weusi umeziba.

Je, wajua ukurasa wa A4 ukichapwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508? Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupunguzwa, ndiyo maana bango la harusi hutoka na ukungu. Mwambie mteja aitume kama nyaraka.

Je, wajua huhitaji nakala ya wizi, ambayo aghalabu huja na virusi vyake? GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni bure na ina leya na maski. Darktable na RawTherapee hufungua RAW, bure vilevile. Photopea hufanya kazi ndani ya kivinjari na hufungua faili za PSD. Anza na moja, uijue hadi mkono uende wenyewe.

Je, wajua programu yenye nguvu inaweza kukuaibisha? Februari 1982 jalada la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye ukurasa wa wima, na lawama zake zinasimuliwa hadi leo. Mwaka 2015 shirika la habari la Reuters liliwaambia wapiga picha wake wa kujitegemea wasitume picha zilizotokana na RAW, bali JPEG zilizotoka hivyo kamerani. Nao World Press Photo hudai mafaili ya awali kutoka kwa wanaofika hatua za mwisho za shindano. Aliyehariri juu ya faili lake la pekee hana cha kuwaonyesha.