Tengeneza simu yako Garissa, usingoje Jeddah



Kuanzia Malindi hadi Masalani, na kutoka Garissa hadi Mandera, nyumba nyingi za Waislamu zina mtu aliyesafiri au anayejitayarisha kusafiri. Huyu anakwenda Umra, yule anakwenda kazi Riyadh, mwengine anakwenda Dubai kutafuta bidhaa za duka lake la Eastleigh. Pasipoti huangaliwa mara tatu, na mizigo hupimwa na kupimwa tena. Simu ndiyo husahauliwa, kwa kuwa kila mtu anadhani simu ni kuwasha tu. Halafu ndege ikitua Jeddah, mama wa miaka sitini hana njia ya kuwaambia watoto kwamba amefika salama, na huko Garissa watu hawalali.

Karibu matatizo yote ya simu ugenini yanaweza kumalizwa nyumbani, siku tatu au nne kabla ya safari. Huko ndiko laini yako inakopokea ujumbe, duka la kampuni liko karibu, na kitambulisho kiko mfukoni.

Kwanza tuelewe simu inafanya nini. Ukiwa ugenini, simu yako ina kazi mbili. Ya kwanza ni intaneti: WhatsApp, ramani, picha za Haram. Ya pili ni kukutambulisha wewe ni nani: M-Pesa yako, benki yako, akaunti yako ya eCitizen. Hizi zote hutambua ile nambari ya Kenya, na mara nyingi hukutumia namba ya siri kwa ujumbe mfupi. Kazi ya kwanza inaweza kufanywa na laini yoyote. Ya pili haiwezi kufanywa na laini nyengine ila yako. Wengi hutoa laini ya Kenya, wakaitia kwenye karatasi ya tishu, wakaweka ya Saudia. Intaneti wamepata, lakini siku benki ikituma namba ya siri, inakwenda kwenye tishu.

Dawa yake ni simu ya laini mbili. Laini ya Kenya ibaki ndani, imewashwa, lakini data yake imezimwa. Laini ya ugenini ndiyo ibebe data. WhatsApp ikikuuliza kama wataka kubadilisha nambari, kataa. Itaendelea na nambari yako ya Kenya ijapokuwa intaneti inatoka kwengine.

Kwa nini data ya laini ya Kenya izimwe? Ukifika Saudia, laini yako haina mlingoti wake kule. Inaomba hifadhi kwa kampuni ya huko, kama STC, Mobily au Zain. Kampuni hiyo inauliza Kenya kama mteja huyu anajulikana, inakuhudumia, kisha inaidai kampuni yako, nayo inakudai wewe. Hiyo ndiyo huitwa romingi, na ndiyo sababu bei yake ni ya juu kuliko bando la nyumbani. Bando ulilonunua kwa *544# la matumizi ya Kenya halikufuati ng'ambo. Usipokuwa na bando maalumu la romingi, unakatwa kwa kila megabaiti. Na simu ya kisasa haikai kimya: inasasisha programu, inahifadhi picha, inapakua video ya harusi iliyotumwa kwenye kundi la ukoo. Kredi inaisha kabla hujatoka uwanja wa ndege.

Kwa hivyo, ukiwa nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao, utafute mahali pa kuwasha na kuzima data ya romingi. Izime. Kisha ingia WhatsApp uzuie picha na video kujipakua zenyewe. Baadaye uliza kampuni yako mambo mawili: je, romingi ya simu na ujumbe imefunguliwa kwenye laini yangu, na kuna bando gani la nchi ninayokwenda? Romingi ya ujumbe iwe wazi hata kama hutanunua data, maana kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje kwa kawaida hakulipishwi.

Data ya huko utaipata vipi? Njia ya kwanza ni kununua bando la romingi hapa, linalofaa kwa siku chache. Ya pili ni kununua laini ukifika. Saudia hawauzi laini kama karanga. Utatakiwa pasipoti na alama za vidole, basi usiifungie pasipoti ndani ya begi kubwa. Ya tatu ni laini ya kielektroniki, ile isiyo na kadi, unayoinunua kwa intaneti ukiwa bado nyumbani. Kujua kama simu yako inaikubali, piga *#06#. Ukiona mstari ulioandikwa EID, inakubali. Simu nyingi za bei nafuu hazina, basi angalia kabla ya kulipa.

Kwa wanaokwenda Umra kuna jambo la ziada. Kuingia Rawdha katika msikiti wa Mtume, swallallahu alayhi wasallam, kunahitaji kibali kinachochukuliwa kwa programu ya Nusuk. Ipakue na ufungue akaunti ukiwa nyumbani, mahali penye intaneti nzuri na kijana wa kukusaidia. Pakua pia ramani za Makka na Madina zinazofanya kazi bila intaneti, na utie alama mahali hoteli yako ilipo. Mzee akipoteana na kundi lake, alama hiyo yatosha kumrudisha.

Wanaokwenda Dubai nao wajue kwamba katika Falme za Kiarabu kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa, ingawa ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita. Watu huko hutumia programu zilizoidhinishwa, kama Botim. Ipakue wewe na wale watakaobaki nyumbani, mjaribu kupigiana kabla ya kuagana.

Sasa nije kwa ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera, kwa sababu wao wana mambo ambayo sisi wa Mombasa hatuyajui.

La kwanza ni mpaka. Ukiwa Mandera mjini, ng'ambo moja ni Bula Hawa ya Somalia na ng'ambo nyengine ni Suftu ya Ethiopia. Simu haijui mpaka, inafuata mlingoti wenye nguvu. Inaweza kushika mtandao wa jirani hali wewe umekaa kwako unakunywa chai. Safaricom ya Ethiopia, iliyozinduliwa rasmi Oktoba 2022, jina lake ni lile lile, lakini ni mtandao wa nchi nyengine, wenye nambari za +251. Dawa yake ni kuondoa uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, uchague mwenyewe kampuni yako ya Kenya. Ukitoka mpakani, urudishe kama ilivyokuwa, la sivyo utafika Jeddah simu haishiki kitu.

La pili ni milingoti. Mara kadhaa milingoti ya mawasiliano imelipuliwa katika kaunti za Mandera, Wajir, Garissa na Lamu, na vijiji vikakaa bila mtandao. Mtu wa Hulugho au Liboi asingoje siku ya safari ndipo afungue akaunti inayotaka namba ya siri. Afanye Garissa mjini, au Nairobi akiwa njiani. Na wanaobaki wapange nani ataenda penye mtandao, siku gani na saa ngapi, ili kimya cha siku mbili kisigeuke matanga.

La tatu ni jina. Kwa miaka mingi Wakenya wengi wa Kaskazini Mashariki walipata kitambulisho kwa taabu, wakipitishwa kwenye msasa ambao watu wa kaunti nyengine hawakuujua. Rais William Ruto alitangaza kuuondoa Februari 2025. Lakini katika miaka hiyo ya kungoja, watu walitumia laini zilizosajiliwa kwa jina la kaka, mume au jirani, na wengi hadi leo wanazitumia. Piga *106# uone nambari zilizo chini ya kitambulisho chako. Kama nambari yako haimo, tengeneza kabla ya kuondoka. Laini ikipotea Riyadh na mwenyewe kwa karatasi ni mtu mwengine, M-Pesa yako iko mikononi mwake.

Hapa ndipo ninapowafikiria zaidi mabinti zetu wanaokwenda kazi za nyumbani katika Ghuba, wa Kilifi kama wa Garissa. Mwenye kwenda Umra akikosa data atakuwa na kundi lake. Binti aliye ndani ya nyumba ya watu, aliyechukuliwa pasipoti, ana simu tu. Intaneti ya nyumba ile ni ya tajiri wake, na anaweza kuizima. Kwa hivyo laini ya Kenya yenye romingi ya ujumbe na kredi kidogo ni kamba yake ya mwisho, maana ujumbe mfupi hauhitaji intaneti. Kabla hajapanda ndege, apige picha pasipoti, mkataba na viza, azitume kwa mzazi. Aandike kwenye karatasi, si kwenye simu pekee, nambari ya ubalozi wa Kenya na nambari mbili za nyumbani. Na asiiache laini yake ilale. Mkataba ni wa miaka miwili, na laini isiyotumika kwa miezi inaweza kufungwa, nambari akapewa mtu mwengine. Angalau mara moja kwa mwezi atume ujumbe.

Kama simu ni ya mkopo wa kulipa kila siku, mpangeni nani ataendelea kulipa. Simu hizo hufungwa malipo yakikatika, na haziulizi mwenyewe yuko Kenya au Dammam.

Mwisho, waelezeni wazee wanaobaki. Wakipigiwa na nambari ngeni na mtu akisema, "Mimi mwanao, nimepata shida, tuma pesa," wasitume. Wekeni neno moja la siri la nyumbani, la kuulizana kabla ya pesa kutoka. Neno hilo halihitaji bando.

Wasafiri wetu Mwenyezi Mungu awafikishe salama, na awarejeshe salama.