Takwimu za Galaksi na Ushindani wa Mataifa
Galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota iliyoshikamanishwa na nguvu ya mvutano, hazikutawanyika ovyo angani, bali zimejipanga kama utando wenye nyuzi na mapengo. Ili kuupima mpangilio huo, wanaastronomia huchunguza jinsi mwanga wa kila galaksi unavyosogea kuelekea wekundu kadiri ulimwengu unavyotanuka, hukadiria umbali wake, kisha huhesabu jozi za galaksi zilizotengana kwa umbali fulani na kuzilinganisha na zile ambazo zingetokea kwa bahati tu.

Mwaka 2005, timu ya Uingereza na Australia, iliyopima galaksi zaidi ya 220,000 kwa darubini ya mita 3.9, na timu iliyoongozwa na Marekani, iliyotumia darubini ya mita 2.5 huko New Mexico, zilitangaza kuwa jozi za galaksi huzidi kidogo idadi inayotarajiwa kwenye umbali wa takriban miaka nuru milioni 500, alama iliyoachwa na mawimbi ya sauti ya ulimwengu ulipokuwa mchanga.

Darubini hizo hazikuwa kubwa kuliko zote za wakati huo; hivyo, nafasi ya taifa katika utafiti huu haiamuliwi na ukubwa wa kioo cha darubini peke yake, bali pia na vifaa vinavyopima mamia ya galaksi kwa mpigo, wataalamu wa takwimu, na ufadhili unaodumu.