Kuridhika Kati ya Kahawa na Ugali
Kuridhika, katika mafundisho ya Kikristo, si tabia ya kuzaliwa nayo. Mtume Paulo, akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, anaeleza kwamba alijifunza kuwa radhi na hali yoyote, ya shibe au ya njaa. Neno zito hapo ni kujifunza.

Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, somo hilo huanzia shambani. Ardhi iliyopandwa mibuni haitoi ugali. Mbuni hukaa kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, kisha huleta fedha mara moja kwa mwaka, kwa bei asiyoipanga mkulima. Mahindi na maharage ya kwenye ngoro, yale mashimo yanayozuia maji kuporomosha udongo mteremkoni, hulisha nyumba lakini hayajazi mfuko. Anayepanua kimoja hupunguza kingine. Kule Ziwa Nyasa, Liuli na Mbamba Bay, mvuvi wa usipa hutegemea usiku wa giza. Mbalamwezi iking'aa, taa yake haivuti samaki, naye hugeukia mihogo.

Imani, iliyoletwa huku na Wabenediktini wa Peramiho na Waanglikana wa kisiwa cha Likoma, haifuti hesabu hizo. Inachobadilisha ni kipimo: thamani ya mtu haihesabiwi kwa magunia ya jirani. Wala haiamuru kukunja mikono, ingawa wengi huielewa hivyo. Paulo mwenyewe alishona mahema. Mavuno yakiwa haba, jumuiya ndogondogo za Kikristo bado huchangishana kwa ajili ya mgonjwa au mfiwa.