Koltani ya Masisi na umeme unaopita kwa ngazi

Huko Rubaya, wilayani Masisi, wachimbaji huchimba koltani kwa sururu na koleo, huiosha kwa maji, kisha huipakia katika mifuko. Kadirio la Umoja wa Mataifa ni kwamba takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia hutoka hapo. Nyingi huishia ndani ya simu na kompyuta, katika vifaa vidogo vya kutunza chaji vinavyoitwa kapasita. Humo, kinachozuia umeme ni utando wa oksidi ya tantali, mwembamba kuliko unywele mara mia kadhaa.

Oksidi hiyohiyo ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Mwaka 2012 watafiti wa Tsukuba, Japani, waliiweka kati ya fedha na platini, wakaipitishia umeme mdogo. Atomi za fedha zikapenya ndani ya oksidi na kujenga daraja jembamba mno. Umeme haukuongezeka polepole kama maji ya bomba linalofunguliwa. Uliruka, ngazi moja, kisha nyingine.

Sababu ni kwamba elektroni hutenda pia kama wimbi. Njia ikiwa pana kwa atomi chache tu, mawimbi yanayoweza kupita ni ya kuhesabu: moja, mawili, matatu. Kila ngazi kamili ni sawa na ukinzani wa omu 12,900 hivi, iwe ni fedha au dhahabu, ingawa vipimo vya maabara havitoki safi kila mara. Jambo hili lilipimwa kwanza mwaka 1988, Delft na Cambridge, katika baridi kali sana.

Watafiti wanataka kutumia ngazi hizo kutunza kumbukumbu za kompyuta. Wakifaulu, koltani itapata soko jingine tena.

Lakini Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema waasi hao hukusanya huko ushuru wa dola zisizopungua 800,000 kwa mwezi. Walikale nako, ambako bati la Bisie hutumika kulehemu vifaa vya elektroniki, mgodi ulisimamisha kazi Machi 2025 wapiganaji walipokaribia, ukaanza tena Aprili. Mchimbaji wa Rubaya bado analipwa kwa kilo.