Tujifunze kuuliza kama fundi wa redio

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Sisi walimu twaipenda mno methali hii, na aghalabu huitumia kuwahimiza wanafunzi wetu wanyooshe mikono darasani. Hata hivyo, kuna jambo ambalo methali yenyewe hailisemi. Lipo swali linalomsogeza mtu karibu na ukweli, na lipo jingine linalompigisha mbio za sakafuni. Tofauti baina ya maswali hayo mawili nilifunzwa nikiwa nimechutama nyuma ya gari langu kando ya Barabara ya Kirinyaga, katikati ya jiji la Nairobi. Aliyenifunza ni fundi wa redio ambaye nadhani hajatimiza miaka 30.

Naomba nianze na kisa chenyewe. Gari langu ni kuukuu. Nililinunua kwa mtu, nalo likanijia likiwa na amplifaya na woofa ndani ya buti. Wenzangu chuoni walinicheka. Walitaka kujua mhadhiri mwenye shahada ya uzamifu ataendeshaje gari linalotikisa vioo mithili ya matatu. Mimi sikuving'oa vyombo hivyo, kwa sababu moja ambayo sioni haya kuikiri. Ni mpenzi wa rumba ya zamani, na gita la besi la muziki ule halisikiki sawasawa katika spika ndogo za mlangoni.

Kisha ukaja ugonjwa, nao ulikuwa na dalili mbili. Kwanza, spika za nyuma, ambazo zaendeshwa na amplifaya iyo hiyo, zilianza kutoa mlio mwembamba kama wa mbu, uliopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Pili, kila wimbo ulipofika penye besi nzito, taa nyekundu iliwaka kwenye amplifaya na sauti yote ikakatika. Baada ya muda ilirejea, kisha ikakatika tena. Mara mbili tatu, nikitoka mjini kuelekea nyumbani kwa kupitia Barabara ya Waiyaki, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikajiambia kuwa ni moshi wa lori lililokuwa mbele yangu.

Nilifanya nini mimi msomi? Nilinunua. Kwanza nilinunua nyaya nyembamba zinazoleta ishara ya sauti kutoka kwenye redio hadi kwenye amplifaya, kwa kuwa jirani aliniambia kwamba mlio wa mbu husababishwa na nyaya hizo. Mlio ukabaki. Kisha nikashuka Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vyombo vya umeme, nikanunua amplifaya nyingine kabisa. Taa nyekundu ya amplifaya mpya ikawaka kama ya ile ya awali. Nilikuwa nimetumia maelfu ya shilingi kujibu swali ambalo sikuwa nimeliuliza.

Hapo ndipo nilipoelekezwa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wangali wakiiita Grogan kwa jina lake la enzi za ukoloni. Tangu mwaka 1973, Mzee Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu za uchukuzi, ushindani wa magari hayo umezaa ujuzi mwingi katika mitaa hii ya chini ya jiji. Matatu isiyo na muziki mzuri hupoteza abiria vijana, na matatu ambayo muziki wake umeharibika haiwezi kungoja wiki nzima ikitengenezwa. Kwa hiyo fundi wa huku hana budi kuwa mwepesi wa kutambua palipoharibika.

Nilidhani kijana yule angefungua buti mara moja. Sivyo alivyofanya. Alijifuta mikono, akaanza kunihoji.

"Mwalimu, hiyo kelele inapanda ukikanyaga mafuta?"

Nikamjibu kwamba inapanda.

"Na ukizima injini, redio ikiendelea kuimba, inabaki?"

Nikasema inatoweka.

"Sauti inakatika ukiwasha tu gari, ama wimbo ukiwa mzito?"

Wimbo ukiwa mzito.

"Na kabla ya haya yote kuanza, kuna kitu kilifanyika kwa hii gari?"

Swali hilo la nne halikuwahi kunipitia akilini. Nikakumbuka kwamba wakati wa mvua za masika buti liliingia maji, zulia likalowa kwa siku kadhaa, na kelele zikaanza majuma machache baadaye. Fundi akatikisa kichwa, akachukua mita yake ya kupimia umeme.

Ndugu msomaji, tazama jinsi maswali yale yalivyopangwa. Mlio unaofuata mwendo wa injini watokana na umeme unaozalishwa na altaneta, kwa hiyo hauna asili yake katika wimbo wala katika woofa. Sauti inayokatika wakati wa besi nzito pekee yadokeza kwamba chombo kinanyimwa umeme pale kinapouhitaji zaidi. Kila jibu lilifunga mlango mmoja na kupunguza eneo la msako, na hadi wakati huo fundi hakuwa amegusa hata skrubu moja.

Kisha akapima. Koili ya woofa ilionyesha omu 3.6, kipimo cha kawaida kwa woofa ya omu 4. Akaigusisha betri ndogo ya volti 1.5, nayo ikaruka kidogo na kutoa mlio mfupi. Woofa ilikuwa nzima. Akachomoa nyaya za ishara, na mlio wa mbu ukanyamaza. Nikadakia kwamba basi nyaya hizo ndizo mbovu. Akanitazama kwa upole na kuniuliza, "Si umesema ulinunua mpya?" Nikanyamaza.

Mwishowe akaniomba niwashe injini na kuweka wimbo wenye besi ndefu. Kwenye betri mita ilionyesha volti 13. Kwenye amplifaya ilionyesha volti 9.4 tu. Volti 3.6 zilikuwa zimepotea njiani. Je, zilipotelea wapi? Akapima njia ya kwenda, yaani waya mnene utokao betri mpaka kwenye amplifaya, akapata upungufu wa volti 0.4. Akapima njia ya kurudi, yaani kutoka amplifaya kupitia bodi ya gari hadi betri, akapata volti 3.2. Hesabu ilikamilika bila kubakiza hata chembe.

"Mwalimu, amplifaya zako zote mbili ni nzima," akasema. "Shida ni athi."

Alipofunua zulia tuliiona. Waya wa athi ulikuwa umefungwa kwa skrubu juu ya rangi ya gari, pasipo kukwangua rangi hiyo ili chuma kikutane na chuma. Skrubu ilishika kwa ncha tu, na baada ya maji kuingia ncha hiyo nayo ikapata kutu. Pembeni yake zulia lilikuwa limeungua na kuwa jeusi, sehemu iliyotosha kufunikwa kwa kiganja.

Hebu tupige hesabu kidogo, maana humu mna somo zima la fizikia. Tuseme mkondo ulikuwa ampea 32 na ukinzani wa kiungo kile ulikuwa sehemu ya kumi ya omu moja. Ukizidisha, utapata volti 3.2 zinazopotea. Zidisha volti hizo kwa ampea 32, nawe utapata wati 102. Kwa maneno mengine, kila besi ilipopiga, palikuwa na joto sawa na la zile bulbu za zamani za wati 100 chini ya zulia, nyuma tu ya kiti wanakokaa wanangu. Na umeme uliokosa njia yake halali ulijipenyeza kwenye nyaya za ishara, kama magari yanavyoacha barabara kuu iliyofungwa yakapita vichochoroni. Mlio wa mbu ulikuwa sauti ya umeme huo uliopotea njia.

Kubwa kuliko hayo tuliliona tulipofungua boneti. Waya mnene unaotoka kwenye betri hupaswa kuwa na fyuzi karibu kabisa na betri, ili waya huo ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi iungue badala ya gari. Ndani ya kifuko cha fyuzi yangu mlikuwa na kipande cha waya wa shaba kilichokunjwa mara mbili. Aliyekitia alitaka muziki uendelee kwa vyovyote vile. Nilikumbuka ile harufu ya plastiki, na lori nililolisingizia.

Matengenezo yenyewe yalichukua chini ya saa moja. Fundi alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akafunga athi kwa bolti na nati, akapaka grisi kuzuia kutu, akatia fyuzi halali. Kisha akashika bisibisi ndogo na kurudisha nyuma kitufe kimoja cha amplifaya ambacho mimi nilikuwa nimekizungusha hadi mwisho. Alinieleza kwamba hapo si mahali pa kuongezea sauti. Kitufe hicho hulinganisha nguvu ya redio na ya amplifaya. Kikizidishwa, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, muziki hukwaruza na koili ya woofa huchemka hadi kuungua. Debe tupu haliachi kutika, na amplifaya isiyolinganishwa nayo ni debe. Isitoshe, masikio hayana fyuzi. Wataalamu wa afya kazini hushauri kwamba mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na wengi wao hupunguza muda huo kwa nusu kila desibeli 3 zinapoongezeka. Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2009, na wapenda besi, nikiwamo, tungefaa kuzisoma.

Kama mwanaisimu, nilirudi nyumbani nikiyawaza maneno ya kijana yule kuliko gari. Kwa saa nzima alikuwa amefikiri kwa Kiswahili. Nilimuuliza, "Gari limesimama juu ya mpira, na mpira haupitishi umeme. Hii athi ni ardhi gani?" Akacheka, akaupiga ubavu wa gari kwa kiganja. "Ardhi ya gari ni bodi, mwalimu." Ufafanuzi huo mtu anaweza kuutia kamusini bila kubadilisha neno.

Tena alikuwa na jina moja kwa kila kitu. Katika maandishi yetu, kipaza sauti kimebebeshwa mzigo mzito: huyu hulitumia neno hilo kwa mikrofoni, yule kwa spika, na mwingine kwa amplifaya. Fundi hawezi kumudu anasa hiyo. Kama angeviita vyombo hivyo vyote kipaza sauti, angetengaje kilicho kizima na kilicho kibovu? Amechukua spika, amplifaya, woofa na athi, akaviingiza katika ngeli zake na kuendelea na kazi. Wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi wamesahau kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mwanafunzi wa fizikia angali akiambiwa aiache lugha hii mlangoni mwa maabara, ilhali fundi wa Kirinyaga aitumia kila siku kutafuta volti zilizopotea.

Sasa nirejee kwa walimu wenzangu. Mwanafunzi anapoanguka katika ufahamu, sisi hufanya nini? Hufanya nilivyofanya mimi Luthuli. Twamnunulia kitabu kingine, twampeleka masomo ya ziada, au twamhukumu kuwa kichwa chake ni kizito, kisha twastaajabu taa nyekundu inapowaka tena.

Mwalimu anayeuliza kama fundi angemketisha na kuanza mwanzo. Soma kifungu hiki kwa sauti. Akikisoma vizuri, macho na herufi havina kosa. Niambie maana ya maneno haya matano. Akiyajua, msamiati si tatizo. Nisimulie ulichosoma. Akikisimulia barabara, basi amekielewa, na hitilafu imebaki mahali pawili tu: ama haelewi swali lamtaka nini, ama hajui kuliandika jibu lake. Hapo mwalimu ana kazi ndogo inayojulikana, nayo pengine haihitaji hata nusu saa. Na asisahau swali la nne la fundi. Huyu mtoto alianza lini kushindwa, na ni nini kilichotokea nyumbani au shuleni kabla ya hapo? Huenda naye mvua ilimwingilia mahali tusipopaona.

Nanyi wanafunzi, msiwaonee haya walimu wa aina hiyo wanapowauliza maswali mengi. Mwalimu asiyeuliza ndiye wa kuogopwa, maana atawatibu ugonjwa msiougua.

Ile amplifaya niliyoinunua bure nimeiweka kwenye rafu ofisini mwangu, kando ya kamusi. Wageni huniuliza inafanya nini pale, nami huwaambia ni karo niliyolipa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee wetu, lakini ufa hauzibwi na mtu ambaye hajajua uko wapi.