Watu Wanane, Peni Moja

Novemba 1967, santuri ndogo ya nyimbo mbili London iliuzwa shilingi 7 na peni 4 hivi. Shilingi hizo ni za Waingereza: peni 12 kwa shilingi, shilingi 20 kwa paundi. Wao waliitupa shilingi Februari 1971. Sisi tulioirithi kwao tunaitumia mpaka leo.

Santuri iliyokuwa ikigombewa madukani mwezi huo ni “Baby, Now That I've Found You” ya bendi iitwayo The Foundations. Ilishika namba moja tarehe 8 Novemba, ikakaa wiki mbili. Wakati ingali juu, tarehe 18, serikali ikaishusha thamani ya paundi kwa asilimia 14.3. Kenya, Tanzania na Uganda zilikataa kuifuata, na paundi iliyokuwa shilingi 20 za kwetu ikawa shilingi 17 na ushee. Kwa hiyo hata pesa zenyewe za kibao hicho zilipungua zikiwa bado njiani.

Foundations walikuwa wanane. Mwimbaji Clem Curtis alitoka Trinidad, mpiga tromboni Eric Allandale Dominica, wapiga saksafoni Pat Burke na Mike Elliott Jamaica, mpiga kinanda Tony Gomez Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Watatu waliobaki walikuwa vijana wa Kizungu. Elliott alikuwa na miaka 38, na mpiga ngoma Tim Harris hajafika 20. Kabla ya umaarufu walikuwa wakipiga muziki katika mgahawa wa chini ya ardhi, mtaa wa Westbourne Grove, na mgahawa huo wakiuendesha wenyewe: wanapika, wanafagia, wanapiga muziki, kisha wanalala saa kumi na mbili asubuhi. Mara nyingi hutajwa kuwa bendi ya kwanza ya watu wa rangi mchanganyiko kufika namba moja Uingereza.

Sifa hiyo ni ya haki. Ila sifa haigawanywi kwa nane, pesa hugawanywa.

Anayezijua bendi zetu za dansi anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Ukumbi ukilipa paundi 80, bendi ya watu wanne inaondoka na 20 kwa kila kichwa, ya watano 16, ya wanane 10. Tromboni na saksafoni mbili ndizo zilizowapa Foundations sauti yao nzito, na kila ala ilikuja na mdomo wake.

Santuri nazo je? Kipimo kinachofahamika ni mkataba wa kwanza wa Beatles, wa 1962: peni moja kwa kila santuri ndogo, igawanywe kwa bendi nzima na meneja. Tuchukue peni hiyo, tumsahau meneja, tuwape watu wanane. Santuri 100,000 zikiuzwa, zinaleta peni 100,000, yaani paundi 416. Kila mmoja anapata paundi 52. Mwanamume mfanyakazi wa kiwandani Uingereza mwaka huo alipata wastani wa paundi 21 kwa wiki. Basi santuri laki moja ni mshahara wa wiki mbili na nusu.

Sasa ishike santuri yenyewe mkononi. Kwenye karatasi ya duara katikati, chini ya jina la wimbo, kuna majina mawili kwa herufi ndogo: Macaulay na Macleod. Hao hawakuwa wanabendi. Tony Macaulay na John Macleod ndio watunzi, na wao walilipwa kwa kanuni nyingine. Sheria ya Uingereza iliwapa watunzi asilimia 6.25 ya bei ya dukani bila kodi, yaani peni 4 na ushee, nusu kwa kila upande wa santuri. Chukua peni 2 kwa upande mmoja, zidisha kwa 100,000: paundi 833. Mchapishaji wa muziki akichukua nusu, watunzi wawili wanagawana iliyobaki, kila mmoja paundi 208. Ni mara nne ya fungu la aliyepuliza tromboni.

Na mtunzi hana haja ya kungoja bendi ile ile. Foundations walipoporomoka kutoka namba moja, aliyewapokea ni Long John Baldry, kwa wimbo wa Macaulay na Macleod hao hao. Bendi ilipata wiki mbili juu. Watunzi walipata nne mfululizo.

Usidhani watunzi walikuwa wamelala raha. Julai 1966 Macaulay, akiwa bado kijana, alitia saini mkataba na mchapishaji uliochukua haki za kila atakachotunga kwa miaka mitano, na mirabaha ikivuka paundi 5,000 uendelee hadi kumi. Malipo ya awali: paundi 50. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1974 majaji wa juu kabisa wa Uingereza wakasema mkataba huo hautekelezeki kwa kuwa unambana mtu isivyo haki. Wanafunzi wa sheria bado wanaisoma kesi hiyo.

Nje ya studio kulikuwa na gharama isiyoandikwa kwenye daftari. Foundations wakiwa namba moja, mwenye nyumba London aliweza kumnyima Curtis chumba kwa rangi yake na asivunje sheria. Sheria ya 1965 ya kupinga ubaguzi wa rangi ilihusu mahoteli na kumbi. Nyumba na kazi ziliingizwa mwishoni mwa 1968. Mapema mwaka huo Bunge lilipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza. Tarehe 20 Aprili, mbunge Enoch Powell akatoa hotuba yake ya kuwachukia wahamiaji.

Siku 74 baadaye namba moja ilikuwa The Equals: watano, watatu weusi na wawili weupe, kutoka kaskazini mwa London. “Baby Come Back” ilikaa juu wiki tatu. Awali wimbo huo ulikuwa umetolewa upande wa pili wa santuri, pale panapowekwa nyimbo za kujazia. Tofauti yao na Foundations haikuwa idadi tu. Jina la chini ya wimbo lilikuwa la mpiga gitaa wao, Eddy Grant, mzaliwa wa Guyana aliyekuwa na miaka 20.

Grant aliisoma hesabu vizuri kuliko wote. Katika miaka ya 1970 alijenga studio yake London na kuanzisha lebo yake, Ice. Baadaye alihamia Barbados, akaweka studio katika shamba la Bayley's, ambako watumwa walianzisha uasi wa 1816. Mwaka 1994 Pato Banton aliurudia “Baby Come Back”, ukakaa namba moja Uingereza wiki nne, moja zaidi ya mara ya kwanza. Mtunzi alikuwa yule yule.

Foundations walivunjika mwishoni mwa 1970. Kibao chao kikubwa zaidi, “Build Me Up Buttercup”, kilifika namba 3 Marekani mwaka 1969, na filamu moja ya 1998 ikakifufua. Kilitungwa na Macaulay na Mike d'Abo. Redio ya AM au FM ya Marekani inapokipiga leo, sheria inaitaka imlipe mtunzi na mchapishaji. Walioimba na kupiga ala hawaidai kitu, hata ile peni moja ya kugawana.