Michezo ya zamani ya kompyuta kwenye mashine pepe

Michezo mingi ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya MS-DOS, Windows 98 au Windows XP haifunguki kwenye kompyuta za siku hizi. Njia mojawapo ya kuicheza tena ni kutumia mashine pepe, yaani programu inayojifanya kompyuta nzima, yenye kumbukumbu, diski na kadi ya michoro ya kwake. Ndani ya mashine hiyo husakinishwa mfumo wa uendeshaji wa kale, na mchezo husakinishwa ndani ya mfumo huo. Mfumo wa kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na ule wa ndani huitwa mgeni.

Ubao wa bao uliochongwa miaka mia iliyopita bado unachezeka leo, mradi kete zipo. Mchezo wa kompyuta wa mwaka 1998 hauna bahati hiyo: CD yaweza kuwa nzima kabisa na mchezo usifunguke, kwa sababu kila kitu kilichouzunguka kimebadilika.

Kwa nini michezo hukataa kufunguka

Sababu ya kwanza ni biti. Programu za DOS na za Windows ya mwanzo wa miaka ya 1990 ziliandikwa kwa biti 16. Windows ya biti 64 haiwezi kuziendesha kabisa, na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ina toleo la biti 64 tu. Kuna mtego hapa unaowachanganya wengi: michezo kadhaa ya miaka ya 1990 yenyewe ni ya biti 32, lakini programu ya kuisakinisha ni ya biti 16. Mtumiaji hudhani mchezo ni mbovu, kumbe kilichokwama ni mlango tu.

Sababu ya pili ni kinga dhidi ya kunakili. Michezo mingi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 ilitumia SafeDisc, iliyotegemea draiva iliyojichimbia ndani sana katika Windows. Microsoft iliiondoa draiva hiyo kwenye Windows 10, kwa kuwa ilikuwa na udhaifu wa kiusalama. Hivyo aliyenunua CD halali ndiye anayekwama, wakati nakala iliyovunjwa kinga inafunguka bila shida.

Michezo ya kushindana kwenye mtandao wa ndani wa chumba kimoja nayo ilitumia mara nyingi itifaki ya IPX, ambayo haimo katika Windows tangu Vista. Michezo mingine ya DOS ilipima muda kwa kasi ya prosesa yenyewe. Kwenye kompyuta ya leo gari hufika mwisho wa barabara kabla mchezaji hajagusa kibodi. Hata watengenezaji wenyewe walishindwa mahali pengine. Mchezo wa pinboli uliokuwa ndani ya Windows XP uliachwa kwa sababu toleo lake la biti 64 lilikuwa na kasoro: mpira ulipenya vitu badala ya kuvigonga.

Mashine pepe inavyofanya kazi

Mfano wa kueleza jambo hili unapatikana Horohoro, kituo cha mpakani katika Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga, kinachotazamana na Lunga Lunga upande wa Kenya. Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni kilomita zipatazo 65 za lami. Lori la mzigo halifunguliwi na forodha kila kilomita. Hutembea kwa kasi yake, na ukaguzi unalisubiri mpakani.

Prosesa huendesha maagizo ya mgeni kwa namna hiyohiyo. Maagizo mengi, kama kujumlisha namba au kulinganisha, hupita moja kwa moja kwenye prosesa halisi kwa kasi kamili. Agizo linalotaka kugusa mali ya wote, kwa mfano diski au mpangilio wa kumbukumbu, husimamishwa. Hapo msimamizi wa mashine pepe hulikagua, hulitimiza kwa niaba ya mgeni, kisha humruhusu kuendelea. Mgeni hajui kwamba alisimamishwa.

Programu za kuigiza, ziitwazo emuleta, hufanya kazi tofauti. Zenyewe hushusha mzigo wote kila hatua na kuupakia kwenye lori jingine: kila agizo la kompyuta ya kale husomwa na kufasiriwa. Ni kazi ya polepole, lakini inaweza kuiga prosesa ya aina tofauti kabisa, na inaweza kuiga pia uzito na mwendo wa kompyuta ya kale. Mashine pepe haiwezi hilo. Watu huchanganya vitu hivi viwili, na uchaguzi mbaya wa njia huanzia hapo.

Wazo si jipya. IBM ilitoa mfumo wa VM/370 mwaka 1972, ulioruhusu kompyuta moja kubwa igawanywe kuwa nyingi pepe. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili iweze kubeba mashine pepe. Mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Ndiyo sababu mojawapo ya kompyuta za nyumbani kuchelewa sana kuonekana Tanga au Dar es Salaam.

Prosesa za kompyuta ndogo za Intel hazikutimiza masharti ya Popek na Goldberg. Baadhi ya maagizo nyeti yalipita kimyakimya bila kusimamishwa, kama bidhaa zinazovushwa usiku kwa njia za panya. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilitatua tatizo hilo mwaka uliofuata kwa kuyabadili maagizo ya aina hiyo kabla hayajaendeshwa. Mwaka 2005 Intel, na mwaka 2006 AMD, waliweka uwezo huo ndani ya prosesa yenyewe, na tangu hapo hata kompyuta mpakato ya kawaida inaweza kubeba mgeni.

Mfano kutoka Afrika Mashariki

Mazungumzo kuhusu michezo ya zamani hutawaliwa na majina ya Marekani, Ulaya na Japani, lakini hatari ya kupotea ni kubwa zaidi kwa kazi za hapa. The Adventures of Nyangi, mchezo wa Windows wenye taswira za pande tatu, ulitolewa nchini Kenya mwaka 2007 na Wesley Kirinya. Shujaa wake ni msichana anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Unatajwa mara kwa mara kama mmoja wa michezo ya kwanza ya aina hiyo kutungwa katika ukanda huu. Baadaye Kirinya alishirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti, studio iliyoelekeza nguvu zake zaidi kwenye simu.

Mchezo mashuhuri wa kampuni kubwa hutengenezwa upya, huuzwa tena, na una mashabiki maelfu wanaorekebisha kasoro zake. Mchezo wa studio ndogo ya Nairobi hauna jeshi hilo. CD chache zilizobaki zikiharibika, na joto na unyevu wa pwani huharakisha kuoza kwa tabaka la alumini la CD, hakuna wa kuandika nyingine. Kwa kazi za namna hii mashine pepe yenye Windows XP ni zaidi ya burudani. Ni sawa na kutunza mtambo wa kusomea kanda za kale. Hoja hiyo inahusu pia programu zisizo michezo, kama Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kuchagua njia

Kwa michezo ya DOS, mashine pepe si chaguo bora. DOSBox, emuleta ya bure iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2002, huiga pia kadi za sauti za wakati ule na huruhusu mchezaji kupunguza au kuongeza kasi ya prosesa. Hutumia nguvu kidogo na haihitaji nakala ya MS-DOS.

Windows 98 ndiyo ngumu kuliko zote. Programu za mashine pepe za sasa haziijali: VirtualBox haina draiva zake za michoro kwa ajili ya mfumo huo, na kwenye baadhi ya prosesa mpya husimama njiani wakati wa kusakinishwa. Kwa michezo ya kipindi hicho emuleta kama 86Box hufanya vizuri zaidi, ingawa inadai prosesa yenye nguvu.

Windows XP ndipo mashine pepe inapong'ara. VirtualBox ni ya bure, na inatosha kwa michezo ya taswira bapa. Kwa taswira za pande tatu kuna tatizo: tangu toleo la 6.1 la mwaka 2019, VirtualBox imeacha kuipa XP msaada huo. VMware Workstation bado inao, na tangu mwaka 2024 inapatikana bila malipo kwa matumizi binafsi.

Maandalizi

Kabla ya yote, mtumiaji aingie kwenye BIOS na kuhakikisha uwezo wa mashine pepe umewashwa. Kwenye prosesa za Intel huandikwa VT-x na kwenye za AMD huandikwa SVM. Kompyuta nyingi za mitumba huja umezimwa, na mtu anaweza kupoteza siku nzima akilaumu programu. XP hutosheka na kumbukumbu ya megabaiti 512 hadi gigabaiti 1 na diski ya gigabaiti 10, kwa hiyo kompyuta yenye gigabaiti 4 inaweza kumbeba mgeni huyu.

CD inakiliwe mapema kuwa faili la ISO, kabla haijachunika. Ila nakala ya kawaida ya ISO haibebi alama za siri za SafeDisc; kwa michezo hiyo hupasa kiendeshi halisi cha CD kiunganishwe na mgeni. Mara mfumo ukishakaa sawa, ihifadhiwe picha ya hali yake, ili mchezo ukiharibu kitu, mashine irudishwe ilivyokuwa kwa dakika moja.

Sheria ni jambo la kuzingatia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na ulinzi wake unaendelea kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Hakuna mchezo unaokuwa wa bure kwa sababu tu haupo tena dukani. Windows ya mgeni nayo inahitaji leseni. FreeDOS, badala ya MS-DOS, haihitaji malipo.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo mgeni wa XP asiunganishwe na intaneti. Kwa michezo ya kushindana, mashine pepe za kompyuta mbili huunganishwa kwa kebo kwenye mtandao wa ndani tu, na IPX huwashwa ndani ya XP yenyewe.